Hodi Katika Pwani ya Puglia

Kwetu pwani mtoto hufundishwa neno "hodi" kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Hufundishwa kwamba mlango wa mwenzio hauingiwi kimya kimya, hata ukiwa wazi. Na aliye ndani naye amefundishwa jibu lake. Leo nataka tuzungumze habari za pwani nyingine, iliyo mbali na yetu, ambayo imebishiwa hodi kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na majibu iliyotoa hayakuwa sawa siku zote.

Ni pwani ya Puglia, kusini-mashariki ya Italia. Ukiitazama ramani, nchi ya Italia ina umbo la buti refu, na Puglia ndiyo kisigino chake. Mbele yake imetanda Bahari ya Adriatiki, na ng'ambo ya pili ni Albania na Ugiriki. Niliifuata pwani hiyo kwa treni, kutoka kaskazini kwenda kusini, mji kwa mji, kuanzia Trani mpaka Otranto, safari isiyofika kilomita 300. Mkono wa kulia ni mashamba ya mizeituni, mingine ya kale sana, vigogo vyake vimejisokota kama kamba ya nanga. Mkono wa kushoto ni bahari, mara inajitokeza, mara inajificha nyuma ya nyumba.

Tuanze na Trani. Kanisa kuu la mji huo limejengwa ukingoni kabisa mwa maji, kwa mawe meupe yanayoelekea rangi ya waridi jua linapotua. Nilipouliza limejengwa kwa heshima ya nani, nilitazamia kusikia jina la mfalme. Kumbe ni la kijana mmoja Mgiriki, mchunga kondoo asiyekuwa na kitu. Masimulizi ya kanisa yanaeleza kwamba kijana huyo, aliyekuja kuitwa Nikola Mhujaji, alivuka bahari akashukia Otranto, kisha akapanda na pwani kwa miguu, amebeba msalaba, akipaza sauti maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kumwomba Bwana awe na huruma. Watu walimdhania mwendawazimu, na njiani alipigwa na kufukuzwa. Alipofika Trani mwaka 1094 alikuwa taabani, akafa baada ya siku chache, umri wake haujafika miaka 20. Miaka michache baadaye akatangazwa mtakatifu, na mwaka 1099 ujenzi wa kanisa kuu ukaanza kwa jina lake.

Mgeni aliyefukuzwa akiwa hai, alipokufa akapewa nyumba nzuri kuliko zote mjini. Nililiweka jambo hilo moyoni nikapanda treni. Lakini kabla ya hapo nilipita pia katika mtaa wa zamani wa Wayahudi. Katika zama za kati Trani ilikuwa na masinagogi manne. Yakageuzwa makanisa, na katika karne ya 16, wakati kusini ya Italia ilipokuwa chini ya wafalme wa Hispania, Wayahudi wenyewe wakafukuzwa. Moja la masinagogi hayo, liitwalo Scolanova, lilirudi kuwa sinagogi katika miaka ya 2000, baada ya karne kadhaa. Basi mji mmoja huweza kumwinua mgeni na kumfukuza jirani.

Kutoka Trani hadi Bari si mbali, kama kilomita 45. Bari ni bandari kubwa na ndiyo makao makuu ya mkoa. Mji wake wa kale una vichochoro vyembamba vya kupotea, na mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja hatajiona mgeni sana. Kina mama huketi nje ya milango yao wakifinyanga tambi ndogo zenye umbo la masikio. Ufukweni wavuvi humpiga pweza juu ya mawe mpaka alainike, kama wafanyavyo wavuvi wetu, ila wao humla mbichi. Hapo, ndugu zangu, niliwaachia wenyewe.

Wengi hawajui kwamba Bari iliwahi kuwa na mtawala Mwislamu. Kati ya mwaka 847 na 871 mji huo ulikuwa makao ya amiri, naye pamoja na watu wake walitokea upande wa Afrika Kaskazini. Maamiri hao walitafuta kutambuliwa na Khalifa wa Baghdad. Mtawa mmoja Mkristo aitwaye Bernard, aliyekuwa akienda kuhiji Yerusalemu katika miaka hiyo, ameacha maandishi yanayosema kwamba alipita Bari na kupewa na mtawala wake barua za njia za kumwezesha kufika Misri. Kwa lugha ya leo, Mkristo alipewa pasipoti na Mwislamu ili aende kuhiji, na aliyeitoa alikuwa katika ardhi ya Italia. Historia ina mambo.

Lakini fahari kubwa ya Bari ni mifupa ya Mtakatifu Nikola, yule askofu ambaye Wazungu walimgeuza kuwa mzee wa zawadi za Krismasi. Huyu si yule kijana wa Trani. Aliishi Myra, katika nchi iitwayo leo Uturuki, miaka mia saba na zaidi kabla ya kijana yule. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari walikwenda Myra, wakavunja kaburi lake, wakaichukua mifupa na kukimbia nayo. Tarehe 9 Mei mwaka huo wakaingia nayo Bari kwa shangwe, na mpaka leo mahujaji Wakatoliki na Waorthodoksi hushuka chini ya basilika kusali mbele yake. Kwa hiyo mlinzi wa Bari naye ni mgeni aliyekuja kwa meli, na waliomleta waliingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika bandari hiyo hiyo tarehe 8 Agosti 1991. Utawala wa kikomunisti wa Albania ulikuwa umeporomoka na njaa ilikuwa imeingia. Meli ya mizigo iitwayo Vlora ilikuwa imetia nanga Durrës, imetoka Cuba na shehena ya sukari. Watu wakaivamia. Wakajaa sitahani, juu ya milingoti, kwenye kamba. Nahodha akalazimishwa kung'oa nanga. Wakubwa wa Brindisi walimtaka asiingie kwao, naye akaelekea Bari, na asubuhi hiyo akaingia bandarini na watu wapatao 20,000. Huenda umeiona picha yake: huoni chuma wala mbao, unaona watu tu.

Serikali ya Italia iliamua wafungiwe katika uwanja wa michezo wa zamani wa mji, uitwao Uwanja wa Ushindi, wakingoja kurudishwa kwao. Lilikuwa jua la Agosti. Chakula na maji vilidondoshwa kwa helikopta, na wenye nguvu wakavinyakua. Meya wa Bari, Enrico Dalfino, alipinga. Alitaka watu hao wapewe mahema na wahudumiwe kama binadamu. Kwa msimamo huo alikaripiwa hadharani na Rais wa nchi, Francesco Cossiga. Katika siku chache wengi wakawa wamekwisha rudishwa. Wapo waliopandishwa ndege wakiambiwa wanapelekwa miji mingine ya Italia, na waliposhuka wakajikuta Tirana, mji mkuu wa kwao.

Nilitoka Bari na swali. Wenyeji wa pwani hii ni watu wakali? Jibu la kwanza nililipata katika mji mdogo uitwao Polignano a Mare, uliojengwa juu ya majabali, nyumba zake zimening'inia juu ya bahari. Hapo alizaliwa mwaka 1928 mwimbaji Domenico Modugno, ambaye wimbo wake wa mwaka 1958 juu ya kuruka angani ulizunguka dunia nzima, na sanamu yake imesimama na mikono imetandazwa. Modugno, kama vijana wengi wa kusini, iliembidi aondoke kwao kwenda kutafuta riziki. Kati ya mwaka 1876 na 1915 Waitalia wapatao milioni 14 waliihama nchi yao, wengi wakivuka bahari kwenda Marekani, Argentina na Brazil. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Italia iliafikiana na Ubelgiji: Italia itoe vijana, Ubelgiji itoe makaa ya mawe. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulizuka katika mgodi wa Marcinelle huko Ubelgiji, ukaua watu 262. Waliokuwa Waitalia ni 136, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Puglia.

Iangalie tarehe hiyo, ndugu msikilizaji. Ni 8 Agosti, siku ile ile ambayo Vlora iliingia Bari, miaka 35 kabla. Katika kizazi kimoja tu aliyekuwa akibisha hodi kwa watu akawa yeye ndiye mwenye mlango.

Jibu la pili nililipata Brindisi. Hapa ndipo ilipoishia barabara kuu ya Warumi iliyotoka Roma, na penye ngazi zinazotazama bandari pamesimama nguzo ndefu ya marumaru. Zilikuwa mbili. Moja ilianguka mwaka 1528, na vipande vyake vikapelekwa Lecce, mji jirani. Mshairi Virgil alifia Brindisi mwaka 19 kabla ya Kristo, alipokuwa akirejea kutoka Ugiriki. Na baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, barua za Waingereza zilizokwenda India zilisafiri kwa treni mpaka Brindisi, zikapakiwa melini hapo.

Ila mgeni wa ajabu kuliko wote aliwasili tarehe 10 Septemba 1943. Alikuwa Vittorio Emanuele III, Mfalme wa Italia. Nchi yake ilikuwa imesalimu amri kwa Waingereza na Wamarekani, Wajerumani wakauzingira mji mkuu, naye akakimbia Roma usiku, akapanda manowari ndogo, akafika Brindisi kuomba mahali pa kujificha. Mpaka Februari 1944 mji huo ukawa kama makao makuu ya serikali. Sisi wa Afrika Mashariki tunamfahamu mfalme huyu kwa jambo jingine. Mwaka 1936, majeshi yake yalipoiteka Ethiopia, alijitwalia cheo cha Mfalme Mkuu wa Ethiopia, na Haile Selassie mwenye nchi akaenda uhamishoni. Haikupita miaka minane, aliyemkimbiza mwenzie akawa naye anakimbia na virago vyake. Haile Selassie wakati huo alikuwa amekwisha rudi Addis Ababa tangu 1941. Brindisi haikumwuliza mfalme yule alikuwa na hati gani. Ilimpokea.

Na ilipokea tena. Mwezi Machi 1991, miezi mitano kabla ya Vlora, Waalbania zaidi ya 20,000 waliingia Brindisi katika siku chache, kwa meli na mashua za kila namna. Mji wenyewe haukufika watu laki moja. Serikali huko Roma ilikuwa bado inakuna kichwa, lakini watu wa Brindisi hawakungoja. Walitoka majumbani na blanketi, na mikate, na viatu. Shule zilifunguliwa watu wapate pa kulala. Familia ziliwachukua watoto na mama zao, wakaoga, wakala, wakalala katika vitanda vya wenyeji. Mzee mmoja niliyeketi naye bandarini aliniambia, "Mama yangu hakujua Albania iko wapi. Alijua kwamba mtoto ana baridi."

Basi pwani moja, mwaka mmoja, watu wa taifa moja waliotoka nchi ile ile kwa njaa ile ile. Machi walilazwa vitandani, Agosti walifungiwa kiwanjani. Kilichobadilika ni nini? Wageni hawakubadilika. Lililobadilika ni jina walilopewa. Machi waliitwa wakimbizi wa ukomunisti, na kwa sehemu kubwa walipewa vibali na kugawanywa katika mikoa. Agosti walikwisha itwa wahamiaji haramu, na serikali ilitaka wengine walioko ng'ambo waone mfano. Na tofauti ya pili ni nani aliyetangulia kufika mlangoni. Machi mwenye nyumba alitangulia kabla ya polisi. Agosti polisi walitangulia, wakafunga geti, na mwenye nyumba akaachiwa kutazama kutoka nje.

Naongeza jambo moja kabla hatujaondoka Brindisi. Umoja wa Mataifa una kituo chake cha vifaa hapo tangu miaka ya 1990, na maghala ya misaada ya dharura. Mahema na dawa na vyombo vya maji huondoka kwenye pwani hiyo kwenda penye vita na mafuriko, bara letu likiwamo. Mji uliogawa blanketi mlangoni leo unazituma kwa ndege.

Kituo changa cha mwisho kilikuwa Otranto, ambako kule mwanzo yule kijana Mgiriki alishukia. Hapa ndipo Italia inapoikaribia mno Albania. Mlango wa bahari una upana wa kilomita 70 hivi, na siku ya anga safi milima ya ng'ambo huonekana. Sakafu yote ya kanisa kuu imetandazwa picha za vijiwe vya rangi, kazi ya mtawa aitwaye Pantaleone iliyofanywa kati ya 1163 na 1165. Ni mti mkubwa mno, na chini yake tembo wameubeba mgongoni. Matawini wamo Adamu na Hawa, yumo Nuhu na safina yake, yumo Iskandari Mkuu, yumo hata Mfalme Arthur wa Waingereza. Ulimwengu mzima umekaribishwa ndani.

Lakini pembeni mwa kanisa hilo yako makabati ya kioo yaliyojaa mafuvu. Mwezi Julai 1480 majeshi ya Sultani wa Uturuki yaliuzingira mji, na baada ya wiki mbili ukaanguka. Wanaume wapatao 800 walikatwa vichwa juu ya kilima. Kanisa linaamini waliuawa kwa kukataa kubadili dini, na Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu mwaka 2013. Wako wanahistoria wanaoona kwamba vita na ulipizaji kisasi kwa mji uliokataa kusalimu amri vilikuwa na nafasi kubwa zaidi. Mwaka uliofuata Sultani Mehmed wa Pili alifariki na majeshi yake yakaondoka. Hofu haikuondoka. Katika karne ya 16 minara ya ulinzi ilijengwa pwani nzima, na mingi ipo hata leo, inatazama baharini.

Siwezi kuwacheka watu wa Otranto kwa minara yao. Aliyekuja mwaka 1480 hakubisha hodi, alikuja na mizinga. Shida ya mnara ni kwamba aliye juu yake huona tanga tu. Hana uwezo wa kuona kama chini ya tanga kuna mzinga au kuna mtoto.

Mwaka 1997 Albania iliingia katika ghasia baada ya michezo ya upatu kuporomoka na watu kupoteza akiba zao zote. Boti zikaanza tena kuvuka, na Italia ikaweka manowari zake katikati ya mlango wa bahari kuzizuia. Usiku wa Ijumaa Kuu, tarehe 28 Machi, boti iitwayo Kateri i Radës, iliyotoka Vlorë na watu zaidi ya 100, iligongana na manowari ya Italia iitwayo Sibilla. Boti ikazama. Walikufa watu zaidi ya 80, wengi wao wanawake na watoto. Baadaye mahakama iliwatia hatiani wote wawili, aliyeongoza boti na aliyeongoza manowari.

Mabaki ya boti hiyo yaliopolewa. Leo yamewekwa bandarini Otranto, yamegeuzwa mnara wa kumbukumbu mwaka 2012 na msanii Mgiriki, Costas Varotsos, ambaye aliyazungushia vioo vya rangi ya maji. Nilisimama mbele yake jioni. Ni boti ndogo kuliko nilivyodhani. Nikamkumbuka yule kijana wa Trani, ambaye naye alivuka mlango huu huu wa bahari, akafukuzwa, kisha akajengewa. Miaka mia tisa imepita, na pwani hii bado ni hodari wa kuwaheshimu wageni waliokwisha kufa.

Mtu asiniambie kwamba nawasema Waitalia tu. Nyani haoni kundule. Mwaka ule ule wa 1991 Wasomali waliokimbia vita walifika Mombasa kwa majahazi na mashua. Wapo wenyeji waliowapokea kwa ubani na maji, na wapo waliowaona mzigo. Wakawekwa kambi ya Utange, na baadaye kambi ikafungwa, wengi wakapelekwa kambi za mbali huko bara. Sisi nasi tulikuwa na Machi yetu na Agosti yetu.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atajirike, wala hawakusema mgeni hana kero. Walisema apone. Walijua kwamba nyumba isiyobishiwa hodi ni nyumba gonjwa. Brindisi ya Machi 1991 ilipona, na wazee wake mpaka leo wanaisimulia wakiwa wameinua uso. Sikukutana na mtu Bari aliyenisimulia habari za uwanja ule hivyo.

Ndugu wasikilizaji, hayo ndiyo mazungumzo yangu ya juma hili. Mungu akitujalia tutaonana tena juma lijalo. Kwa herini.